Gridi ya sola kijijini isiishie kwenye balbu

Mhariri,

Kila gridi ndogo ya sola, yaani mtambo wa umeme wa jua wenye nyaya zake za kuhudumia kijiji, inapozinduliwa, habari huwa ni idadi ya nyumba zilizowashwa taa. Mimi ni fundi wa mota, na kwangu hesabu hiyo haitoshi.

Taa huwashwa usiku, jua huwaka mchana. Saa sita mchana betri zimeshajaa, na kidhibiti chaji kinazipunguza paneli nguvu kwa kuwa umeme hauna mtumiaji. Usiku watu wanautoa kwenye betri, ambazo ni ghali na huchakaa mapema kuliko paneli. Mradi wa namna hiyo utauzaje uniti kwa bei nafuu?

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa uniti moja kwenye gridi ndogo zilizojengwa vizuri inagharimu dola 0.38 za Marekani. Shughuli za kuingiza kipato zikiongezeka, mtambo ukatumika kwa asilimia 40 badala ya 22, gharama hushuka hadi 0.28. Senti kumi nzima, na zinaletwa na mashine, si balbu.

Sasa mwone mwenye mashine ya kusaga. Analeta mota yake kubwa aliyoizoea. Ikiwashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uweze kutumika majumbani, inajikata, kijiji kizima giza. Anaambiwa arudi kwenye dizeli. Kifaa cha kuiwasha mota taratibu kingeweza kumwokoa, lakini nani amkopeshe? Mchomeleaji naye, na anayetaka friji ya biashara, wako palepale: umeme umefika mlangoni, mtaji haukuja nao.

Ruzuku nyingi hulipwa kwa kila nyumba iliyounganishwa, kwa hiyo wawekezaji wanakimbilia kuunganisha nyumba. Naomba wafadhili watenge sehemu ya fedha hizo iwe mkopo wa mashine, urejeshwe kidogokidogo pamoja na malipo ya uniti. Wasigawe ovyo, maana mashine mbili za kusaga kwenye wateja wa mashine moja ni hasara kwa wote wawili. Na fundi wa mota aitwe kabla inveta haijanunuliwa, aseme kijiji kitawasha nini na saa ngapi.

Nanyi waandishi, mkienda kwenye uzinduzi ujao, ulizeni ni mota ngapi zitazunguka mchana, na nani amezilipia.

Fundi mota, msomaji wenu