Chenso ya bandia ilivyonipata

Mhariri,

Nimetengeneza misumeno ya mnyororo miaka mingi, na bado nimeuziwa chenso ya bandia. Aibu yangu. Rangi ni ileile, na jina limeandikwa vizuri kuliko kwenye ile halisi! Kilichonishtua ni nambari ya utambulisho: kwenye msumeno wangu wa zamani imegongwa kwenye bodi, hapa ilikuwa kikaratasi, nikakibandua kwa ukucha.

Nikaiwasha. Bila kubonyeza kifyatuo cha kuongeza kasi, mnyororo ukawa unazunguka, wakati ulitakiwa utulie. Nikasukuma breki mbele, haikushika. Breki hiyo ndiyo kinga yako msumeno unaporuka ghafla kukurudia usoni. Drili bandia ikiungua mota, mara nyingi unapoteza hela tu. Hii inaondoka na shavu.

Nilipoirudisha, muuzaji alinijibu: “Breki itashika ikizoea kazi.”

Fundi chenso