Moto wa Peshtigo nao upewe nafasi yake

Mhariri, salamu na poleni na kazi.

Nimesoma ile makala yenu ya matukio makubwa kwenye historia ya majimbo ya Marekani, na tarehe 8 Oktoba 1871 mmeweka moto wa Chicago. Sawa, ule moto ulikuwa balaa kweli, watu kama 300 walikufa na karibu laki moja wakakosa pa kulala. Lakini usiku huohuo, huko kaskazini jimbo la Wisconsin, mji mdogo wa Peshtigo uliteketea karibu wote ndani ya masaa machache tu, na ukijumlisha na vijiji vya jirani waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 2,500. Mpaka leo hakuna moto wa porini ulioua watu wengi hivyo Marekani nzima. Na nyie hamjaugusa hata kwa mstari mmoja, kiukweli imeniuma.

Kilichofanya usisikike ni kwamba waya wa telegrafu nao uliungua, kwahiyo habari ilichelewa kutoka, na ilipofika tayari magazeti yote yako Chicago na misaada yote inaelekea Chicago. Hata gavana wa Wisconsin, Lucius Fairchild, alikuwa ameshaenda huko kusaidia. Aliyeipokea ile taarifa kule Madison, mji mkuu wa jimbo, ni mke wake, Frances, binti wa miaka ishirini na kitu tu, akaagiza behewa la misaada iliyokuwa inapelekwa Chicago ligeuzwe liende Peshtigo, alafu akahangaika kukusanya mablanketi kwa wananchi maana behewa halikuwa nayo. Huyu mama mngemwandikia hata ukurasa mzima mimi ningesoma wote.

Na haukuwa moto wa bahati mbaya tu jamani. Mvua ilikuwa imegoma kwa miezi, wajenzi wa reli wanakata miti wanachoma matabi njiani, wakulima nao wanasafisha mashamba kwa moto, vimoto vinafuka msituni wiki na wiki na watu wameshavizoea, mji wenyewe nyumba ni mbao, vumbi la mbao limejaa kila mahali, upepo mkali ulipokuja ndo ikawa basi tena. Waliopona wengi ni waliowahi mtoni, wakakaa majini masaa na masaa wanajimwagia maji kichwani maana hewa yenyewe ilikuwa inaunguza, na bado kuna waliozama na waliokufa kwa baridi humohumo mtoni. Karibu maiti 350 zilizikwa kaburi moja kwasababu hakubaki mtu wa kuzitambua. Hapo makaburini ndo jimbo liliweka kibao chake cha kwanza rasmi cha historia mwaka 1951, yaani wenyewe Wisconsin walianza na hapo kabla ya pengine popote!

Kingine, William Ogden, meya wa kwanza wa Chicago, ndiye alikuwa mwenye kile kiwanda kikubwa cha vyombo vya mbao pale Peshtigo, akapata hasara pande zote mbili usiku mmoja. Kwahiyo hata mkitaka kuandika Chicago peke yake, Peshtigo bado imo ndani.

Naomba toleo la Oktoba ijayo Peshtigo itangulie, Chicago ifuate.

Msomaji wenu wa siku nyingi