Picha nyeupe mno au giza tupu? Pima hivi kabla hujaleta kamera kwa fundi

Fedha za korosho zikianza kuingia, harusi na ngoma hufuatana hapa Mtwara, na kamera zilizolala kabatini tangu mwaka jana hutolewa. Ndipo meza yetu inapojaa Canon EOS 400D, Nikon D40, D80 na wenzao, na malalamiko ni yaleyale: "Fundi, inachoma picha," au "Inatoa giza." Kamera hizo tatu zote zilitoka mwaka 2006, lakini umri peke yake hauharibu mwanga wa picha. Nyingi tunazopokea ni nzima kabisa, ila zimebaki na mpangilio wa kazi iliyopita. Hatupendi mteja alipe nauli kutoka Masasi au Newala kuja kubonyezewa kitufe kimoja.

Anza na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Mtu amepiga harusi usiku ukumbini kwa ISO 1600, kesho yake anawapeleka maharusi ufukweni Msimbati saa sita mchana. Kwa jua lile, akiwa na tundu la lenzi la f/5.6, kamera ingehitaji kasi ya shata (mlango wa mwanga) ya zaidi ya 1/12000 ya sekunde, na hizi zinaishia 1/4000. Haina pa kwenda, kwa hiyo picha inatoka nyeupe. Kamera yenyewe hukuonya: namba ya kasi inawakawaka, au Nikon inaandika "HI". Rudisha ISO 100, au 200 kwa D40 kwa sababu haishuki zaidi ya hapo.

Kisha tazama kitufe chenye alama ya +/-. Kila +1 inaongeza mwanga mara mbili, na +2 mara nne. Kuzima kamera hakukirudishi kwenye sifuri, na hapo ndipo wengi wanaponasa. Kama umeazimwa kamera au umeinunua mkononi, kagua hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Mavazi nayo huidanganya kamera. Mita yake ya mwanga inadhani kila inachokiona kina wangavu wa kijivu cha kati. Ukijaza kanzu nyeupe au shela kwenye fremu, inapunguza mwanga na nguo inatoka ya kijivu, tena sura inakuwa giza. Ukijaza mabaibui meusi, inaongeza mwanga na nyuso zinapauka. Kwa hiyo shela na mchanga mweupe tunavipa +1, na mabaibui -1. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama na bahari nyuma yake, usiiamini kamera. Pima mwanga usoni mwake kwa modi ya doa (spot), au kwenye 400D, isiyo na modi hiyo, tumia ya partial, au washa flashi hata kama ni mchana.

Na tafadhali usihukumu picha kwa kioo cha nyuma ukiwa juani. Vioo vya kamera hizi ni hafifu, na juani kila picha huonekana giza, basi mtu anaongeza mwanga, akifika nyumbani zote zimeungua. Fungua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha: mlima ukibanwa ukutani upande wa kulia, maeneo meupe yamepotea na kwa picha za JPEG hakuna programu itakayoyarudisha.

Ukishakagua hayo yote na tatizo bado lipo, sasa shuku lenzi. Weka modi ya Av kwenye Canon, au A kwenye Nikon, ambapo wewe unachagua tundu. Tuliza kamera mezani, ielekeze ukutani penye kivuli, mwanga usibadilike. Piga f/5.6, kisha 8, 11 na 16. Picha zote zinatakiwa zilingane, maana kadiri tundu linavyopungua, kamera inapunguza kasi ili kufidia. Kama ya f/5.6 ni nzuri lakini zinazofuata zinazidi kuwa nyeupe, vile vibati vyembamba vinavyounda tundu ndani ya lenzi havifungi. Kamera hupima mwanga vibati vikiwa wazi, na huvifunga pale tu unapopiga. Vikiganda, inapiga kwa kasi ya tundu dogo wakati tundu bado kubwa.

Mara nyingi chanzo ni mafuta ya ndani ya lenzi yaliyotambaa hadi kwenye vibati. Kwa lenzi za Nikon zisizo na pete ya tundu, itoe lenzi, sukuma kijiti cha nyuma kwa upole na ukiachie. Vibati vifunge papo hapo. Vikijivuta, tumepata mgonjwa. Kwenye Canon, tundu hufungwa kwa umeme, na kosa la Err 99 au Err 01 huweza kutokana na uchafu kwenye vile vidoti vya dhahabu nyuma ya lenzi. Futa kwa kitambaa laini kikavu kabla hujakata tamaa.

Kwa kamera ndogo za mfukoni, dalili ni nyingine: ndani ya nyumba picha ni nzuri, nje ni nyeupe na ina mistari. Hapo shata imeganda wazi.

Picha zikionekana kama zina moshi, mulika ndani ya lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni ukungu (kuvu), adui mkubwa wa lenzi katika unyevu wa pwani yetu. Hifadhi kamera kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Mkoba wa ngozi hutunza unyevu, uache.

Kupima hatulipishi. Kama ni lenzi ya kawaida ya 18-55 iliyoganda, tutakwambia ukweli: kuifungua kunaweza kukugharimu kuliko kununua iliyotumika lakini nzima. Unapokuja, leta kamera na lenzi yake, betri yenye chaji, na kadi yenye zile picha mbaya. Usizifute. Kila picha imehifadhi ndani yake ISO, kasi na tundu vilivyotumika, na mara nyingi tukizisoma hizo tunajua tatizo liko wapi kabla hatujashika bisibisi.