Mama, njoo mtoto akishazaliwa

Göteborg, Sweden

Shikamoo Mama. Natumaini mbalamwezi imepita na dagaa wameanza kushuka tena pale Mwaloni.

Ujumbe wako nimeusikiliza. Unasema utakuja mapema unishike mkono nikijifungua, na kwamba kwa jinsi ninavyotembea sasa bila fimbo, Mungu ameshaniponya. Nafuu hii namshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini nisikilize kabla Kaka hajalipia tiketi: viza ya kutembelea haizidi siku 90, na hizo zote nazihitaji baada ya kujifungua.

Ugonjwa huu wa MS (multiple sclerosis) ni kinga ya mwili kushambulia ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo. Ujauzito huituliza kinga hiyo. Mtoto akitoka, utulivu nao huondoka. Mwaka 1998 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake 254 wenye MS katika nchi 12 za Ulaya. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba mashambulizi ya ugonjwa yalipungua sana, kisha miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa yakapanda kupita hata yalivyokuwa kabla ya mimba. Hata hivyo, wanawake 7 kati ya 10 hawakupata shambulio lolote katika miezi hiyo, na dawa za siku hizi zina nguvu zaidi. Ndiyo maana nataka tujipange mapema.

Daktari amepanga nirudi kwenye dripu ya rituksimabu mara baada ya uzazi. Najua utauliza habari ya maziwa. Ziko dawa za MS ambazo mama akizitumia hanyonyeshi kabisa, lakini hii molekuli zake ni kubwa, inayopenya kwenye maziwa ni kidogo mno, na daktari ameniruhusu. Tena tafiti zimeona kwamba wanaonyonyesha maziwa ya mama peke yake kwa miezi miwili au zaidi hushambuliwa mara chache kuliko wasionyonyesha. Kwa hiyo Mama, maji ya sukari hapana, uji mwepesi hapana, hata mtoto akilia usiku kucha na Shangazi akapiga simu kutoka Ukerewe kukuhimiza.

Halafu kukandwa. Hili najua litakuuma, maana ulimkanda Dada kwa maji ya moto kabisa na akapata nguvu. Mimi joto likinipanda mwilini, neva zilizokwisha kuumia hupitisha ujumbe kwa shida: jicho linaweza kufifia, miguu ikalegea nikaanguka bafuni. Mwili ukipoa hali hurudi kama ilivyokuwa, lakini kuanguka na mshono ni balaa jingine. Nikande kwa maji ya vuguvugu, unichue na mafuta, unifunge tumbo. Hayo nayatamani sana.

Nikipata homa au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), dalili za zamani zinaweza kujitokeza bila ugonjwa kuamka upya, kwa hiyo tutapima na kutibu homa kwanza. Ila jicho moja likiingia ukungu, ganzi ikipanda, au mguu ukiburuta kwa zaidi ya saa 24 na homa hakuna, tunapiga simu kliniki siku hiyohiyo. Nitakuambia ni uchovu tu, unanijua. Usinikubalie.

Usiku nitanyonyesha, wewe utampokea umcheulishe na kumbadilisha nepi ili mimi nirudi kulala. Uchovu wa ugonjwa huu haufanani na uchovu wa kawaida, na hapa hakuna jirani wa kugonga mlango akasema nipe mtoto.

Mwambie Kaka maombi ya viza ayaanze sasa, lakini tiketi iwe ile inayobadilishika tarehe. Koti zito usinunue, nimekuwekea langu. Michembe ukipata nafasi kwenye begi, nitashukuru.

Nisalimie Baba na wote hapo Kirumba.

Mwanao