Kuhusu kuwatafuta wazee wetu wa Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Katika kuwatafuta wazee wetu wa Lamu, sensa ya Kenya ya 1948 haitatufaa sana, kwa kuwa ripoti zake zinatoa jumla ya watu, si majina yao. Naona heri tuanze na madai ya ardhi yaliyoandikishwa chini ya sheria ya 1908 ya hatimiliki za ardhi za pwani, pamoja na hati za ndoa na mirathi za kadhi, ambamo mtu hutajwa kwa jina la baba na pengine la babu. Babu wa babu yangu nilimkosa miaka mingi kwa sababu karani mmoja alimwandika “Hamisi” badala ya “Khamis”. Basi jaribuni kila tahajia. Mwenye hati kuukuu sandukuni aipige picha pande zote mbili, nyuma pia.