Panya wamepona, Salim je?

Shoga yangu Mama Salim,

Salamu nyingi kutoka huku Ujerumani. Barua yako nimeipata, pamoja na hizo habari za gazetini kwamba pumu, hiyo inayomsumbua Salim wako, imepatiwa dawa na panya wote waliojaribiwa wamepona. Kwa kuwa panya hao ndio kazi yangu, ngoja nikueleze.

Kwanza, panya hapati pumu. Sisi ndio tunaompa. Njia iliyozoeleka ni kumdunga tumboni protini ya ute wa yai iliyochanganywa na chumvi ya alumini, na kurudia baada ya wiki mbili hivi, mpaka kinga ya mwili wake iichukie. Halafu tunamvutisha protini ileile kama ukungu. Wengine humtilia puani utitiri wa vumbi, na mimi naona hao wako karibu zaidi na ukweli: Salim havuti yai, anavuta vumbi la godoro.

Baadaye anavutishwa metakolini, dawa ya kubanisha kifua, tuone njia zake za hewa zinabana kiasi gani. Mwisho anauawa (hapo bado sijazoea), mapafu yanasuuzwa, na yale maji tunayatazama kwenye hadubini. Tukishapaka rangi, eosinofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazohusika na mzio, zinaonekana zimejaa vitone vyekundu kama pilipili ya kusaga. Kwa panya mzima huzioni ila moja moja. Dawa ikizipunguza, magazeti yanaandika "tiba".

Sasa wewe uliza: dawa alipewa lini? Mara nyingi ni kabla hajaugua, na Salim anaugua tangu hajaanza shule. Tena kuna kisa cha dawa ya kuzuia interlukini 5, protini ya mwili inayoziita hizo eosinofili. Mwaka 2000 walipoijaribu kwa watu, eosinofili zilishuka kweli, lakini kifua kilibana vilevile. Ilibidi wachaguliwe wenye pumu kali na eosinofili nyingi ndipo ikaonekana inasaidia, na Marekani ikairuhusu mwaka 2015.

Hata minyoo inajaribiwa, kwa sababu hutuliza kinga ya mwili. Huko Gabon, watoto wa shule wenye kichocho, nacho huletwa na minyoo, walionekana hawana sana mzio wa utitiri wa vumbi. Usije tu ukampeleka Salim kuoga bwawani!

Lakini hili nataka ulisikie vizuri. Panya wa kulinganishia tunampa deksamethasoni, ambayo ni ya ukoo mmoja na dawa ya ile pampu yake ya kuzuia, na si rahisi dawa mpya kuipita. Kwa hiyo asiiache kwa kungoja hizi zetu. Niambie, anaivuta kila siku, hata akiwa mzima, au mpaka abanwe? Na ile chupa ya kuvutia dawa, inayochomekwa kwenye pampu, bado mnayo? Ikiwa imepasuka, dada yangu anakuja Tanga mwezi ujao, nitampa nyingine.

Wako,
Zuhura