Panya aandikwe kwenye kichwa cha habari

Mhariri,

Jumapili shemeji yangu alinipigia simu akihema. "Shemeji, dawa imepatikana!" Alikuwa amesoma gazetini mwako kwamba ugumba wa wanaume umepata tiba. Nami nikaisoma. Neno "panya" nililikuta aya ya saba.

Mimi ni fundi wa maabara. Mwaka wa kumi na moja huu napima korodani za panya na kuhesabu mbegu zao kwenye hadubini, kwa hiyo siwadharau. Mwaka 1994 Ralph Brinster na wenzake, huko Marekani, walihamisha seli shina za korodani, zile zinazozaa mbegu, kutoka panya mmoja hadi mwingine asiye na mbegu, naye akaanza kuzitengeneza. Mwaka 2011 Wajapani wakakuza mbegu za panya nje ya mwili, vikazaliwa vitoto. Si mchezo hayo.

Ila panya kajaliwa kuliko sisi. Mbegu yake hukomaa kwa siku 35 hivi; ya mwanamume hupita miezi miwili. Nyingi za panya mzima zina umbo zuri, ilhali kwa binadamu Shirika la Afya Duniani limeweka asilimia 4 tu zenye umbo hilo kuwa mpaka wa chini. Nimeshaona dume aliyepungukiwa mbegu vibaya sana, na majike yake yakazaa kama kawaida!

Shemeji (ameniruhusu kuyaandika haya) amekatikiwa kipande cha kromosomu Y, ile ya kiume, chenye jeni za DAZ zinazosaidia kutengeneza mbegu. Panya hana DAZ kwenye Y yake hata moja. Ana ndugu yake tu, iliyokaa kromosomu nyingine. Ili kuiga ugonjwa maabara humvunjia panya jeni; utamvunjia kitu asichokuwa nacho?

Nilipomweleza, alinyamaza. Kisha akauliza kama hakuna mnyama wa karibu nasi zaidi. Yupo, tumbili aina ya rhesus. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba tishu ya korodani ya tumbili asiyebalehe, iliyogandishwa kisha ikapandikizwa kwake mwenyewe chini ya ngozi, ilitoa mbegu na kitoto kikazaliwa. Hilo ni tumaini la wavulana wanaotibiwa saratani. Ya shemeji ni mengine.

Ombi langu ni dogo: jina la mnyama liwe kwenye kichwa cha habari, kwa herufi zile zile kubwa. Najua "Panya watibiwa ugumba" haliuzi sana. Lakini shemeji aliponipigia, dada yangu alikuwa ameshaambiwa.

Fundi wa maabara